Joto la Dar kwenye majitaka ya Songea

Hilda, nimekwisha. Nimejifungia maabara, wageni wako nje wanapiga vigelegele.

Unaikumbuka ile modeli yangu ya kompyuta? Iliyosema bakteria wataondoa naitrojeni kwenye majitaka mpaka bwawa la mwisho lifae kufugia samaki? Bosi Kajetani kaamini, kaalika watu leo.

Asubuhi hii nimepima amonia, yaani hiyo naitrojeni yenyewe, kwenye bwawa la mwisho. Iko juu mno, inaua samaki!

Nikafungua modeli. Joto la Dar! Nilikopi faili la mazoezi la chuoni, nikasahau kubadilisha joto. Dar, Hilda! Na Juni hii hapa Songea bakteria wamezubaa kwa baridi, mimi mwenyewe nimevaa makoti mawili.

Nikamnong'oneza bosi. Akanijibu huku anawachekea wageni: "Lidwina, usiniaibishe. Wewe ndiye utakayemwaga vifaranga vya samaki bwawani."

Wewe ndiye utakayemwaga!

Na vifaranga vyenyewe kaleta nani? Baba! Kavua bwawa lake lote la nyumbani, eti zawadi kwa kazi ya binti yake.

Ndiye huyo anagonga mlango sasa hivi: "Mwanangu, toka basi, samaki wanakufa kwenye ndoo."