Anakovua Bi Harusi

Jumatatu, 12 Mei

Kuanzia Nsemulwa mpaka huku Ziwa Rukwa hakuna binadamu anayepanda mti kunizidi. Nyani wa Sitalike waje wasome kwangu, ada nitawapunguzia. Leo migunga mitano. Yote imesimama majini, yote miiba. Nimeshusha minandi wanne kwa kitanzi cha kamba kwenye fimbo ndefu. Mnandi ni ndege mweusi, mzamiaji, ana roho mbaya. Ukimkamata kwenye kiota anakutapikia samaki kichwani. Bado nanuka.

Dada Neema, mtafiti wetu, anawafunga kifaa mkiani kwa utepe. Kidogo kama betri ya rimoti. Siku tatu baadaye napanda tena, tunakitoa, kompyuta inatuambia alikokwenda kuvua. Mimi kidato cha pili niliachia njiani, lakini bila mimi shahada yake inabaki chini ya mti. Nimemwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema nikaoge kwanza.

Namba nne ana makinda watatu. Nimemwita Bi Harusi. Ana maringo, hataki kushikwa.

Alhamisi, 15 Mei

Nukta za Bi Harusi kwenye kompyuta zimerundikana sehemu moja. Mto unapoingia ziwani, nyuma ya matete. Haendi kwingine. Wenzake vilevile. Dada Neema kasahau kula kwa furaha. Kumbe ndiko samaki aina ya magege wanakozalia, na ndege wote hawa wanalisha watoto kutoka pale.

Anataka kijiji kipafunge, nyavu zisiingie mpaka makinda waruke. Kikao Ijumaa ijayo. Mpaka siku hiyo ramani ni siri. Nimeapa. Bi Harusi tumemfunga kifaa kingine.

Ramani nimeipiga picha kwa simu. Kumbukumbu tu.

Jumapili, 18 Mei

Mapumziko. Nimeshinda kwa dada yangu Anastazia, ameolewa hapa ziwani na Masanja. Masanja Msukuma, alihamia huku na ng'ombe, sasa ana mtumbwi. Utani wetu wa mashemeji hauna breki. "Shem, bado unalea vifaranga? Wenzako wanaoa." Nikamwambia ng'ombe zake zilikimbia sura yake. Majirani hoi. Anadai siku hizi ziwani hakuna samaki. Kulikuwa na magege wawili, nimewala wote.

Siku nzuri.

Jumanne, 20 Mei

Nimepanda kwa Bi Harusi. Hayupo. Makinda wanalia, wamekonda. Baba yao kaja mara moja, kaleta kadagaa kamoja.

Tumekwenda na boti kule mtoni. Nyavu. Zimezunguka matete yote kama uzio wa zizi. Maboya ni madumu ya njano ya mafuta ya kula. Nayajua. Mwaka jana nilimsaidia Masanja kuyafunga.

Bi Harusi alikuwa ndani ya wavu, chini ya maji. Kifaa bado mkiani. Nimemnasua mwenyewe kwa kisu. Sijawahi kumshika akatulia hivyo.

Jumatano, 21 Mei

Nimemfuata Masanja. Anaziba mtumbwi, anapiga mluzi. Nimemwita mwizi.

"Mwizi wa nini, shem? Mali ya shemeji haiibiwi. Inachukuliwa."

Na ndiyo desturi. Shemeji akikubebea kuku unacheka, ukinuna wewe ndiye mkorofi. Dada yangu alicheka jikoni, akidhani ni utani wetu ule ule. Nilitaka kumtandika. Mkono ukakataa. Humpigi mume wa dada yako.

Msaliti. Mwanawe alipougua nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Leo ananifanyia hivi.

Dada Neema nimemweleza: Masanja alifungua simu yangu wakati naoga kwake Jumapili. Dada Neema akasema, "Pole, mdogo wangu." Hakugomba. Bora angegomba.

Ijumaa, 23 Mei

Kikao. Jana mitumbwi tisa ilivua pale. Nani atakubali kufunga chungu alichokwisha kuonja? Mwenyekiti kasema suala liletwe tena baada ya msimu. Baada ya msimu makinda gani? Dada Neema alikunja ramani polepole, akashukuru wajumbe.

Masanja alikaa mstari wa mbele. Akanikonyeza. Sikanyagi kwake tena.

Kinda mmoja kafa.

Jumapili, 25 Mei

Kabaki mmoja. Baba yake bado anakwenda na kurudi.

Sijapanda leo. Nimekaa kwenye boti, chini ya mgunga.

Jumapili ile sikuoga kwa Masanja. Simu yangu hakuigusa. Alisema tu kazi yangu ni ya watoto, dada akacheka, majirani wakacheka. Nikaitoa mwenyewe. Nikaikuza ramani kwa vidole viwili. Nikamwonyesha mto, matete, mpaka saa anayoondoka Bi Harusi asubuhi.

Akanyamaza. Nilifurahi sana aliponyamaza.