Sala Niliyoirudia Mbele ya Wakwe

Mpendwa Mama Muthoni,

Hujambo, mke wangu? Goti lako linaendeleaje, na ndengu za shamba la chini zimeshika baada ya mvua ile kidogo? Mimi huku Lodwar ni mzima wa mwili. Joto tunalo, na shuleni wanafunzi wananisikiliza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Ni kuhusu siku ile wakwe walipoleta mbuzi wa mahari ya binti yetu. Niliombea chakula, nikarudia, nikarudia tena, hadi baba yake kijana anayemwoa akasema, "Mwalimu, Mungu amesikia, nyama inapoa!" Watu wakacheka. Wewe ukasema "Amina" kwa sauti ili uniokoe, nami nikakugeukia mbele yao wote: "Umeiharibu sala!" Ulichukua birika ukaenda kuwanawisha wageni. Wiki iliyofuata nilikubali kazi hii. Nilisema shule inanihitaji. Kumbe nilikuwa nayakimbia macho yako.

Acha nieleze, unanijua. Kila nilipofika katikati ya sala, neno la kumtusi Mungu liliingia kichwani. Sikulitaka. Nikaamini nisipoanza upya, Muthoni atapatwa na baya. Mwezi jana nilimwona daktari. Alisema ni ugonjwa wa mawazo yanayokung'ang'ania, unaitwa OCD. Si pepo, wala si upungufu wa imani. Hushika kile mtu anachokiheshimu kuliko vyote, na shida zikikulemea, kama ukame na shughuli za harusi zilivyotulemea sisi, ugonjwa huzidi. Akauliza, "Na mkeo nyumbani, yeye hufanya nini?" Nikamwambia jinsi nilivyokuwa nikikuuliza, "Nimeomba sawasawa?" nawe ukijibu, "Vizuri kabisa, Baba Muthoni," hata mara ishirini kwa siku. Akasema jibu hilo lilinituliza kidogo tu, kisha ugonjwa ukadai lingine. Nilikuchosha miaka yote hiyo, halafu nikakuaibisha. Naona haya hata kuandika.

Nitakuja shule zikifungwa, ukinikubali. Nikikuuliza tena, usinijibu, hata nikikasirika.

Nisalimie mama yako, na Muthoni na mumewe. Baba mkwe wake mwambie alisema kweli kuhusu nyama. Nitamwomba radhi mwenyewe, lakini wewe kwanza. Mezani nitaomba mara moja. Wewe sema Amina kwa sauti ile ile, nami nitachukua birika nikunawishe.

Mumeo,
Baba Muthoni