Meza ya Dirishani

Dada yangu mpenzi,

Watoto hawajambo, ila mimi kinyaa hakijanitoka. Jumapili shemeji yako alitupeleka kula mkahawani. Meza ilikuwa inanata, na mhudumu aliifuta kwa tambara lililonuka kama soksi mbichi. Kabla supu haijapoa, mdogo akatapika mezani.

Shemeji yako akanyanyua sahani yake, akahamia meza ya dirishani, akaendelea kutafuna. Mhudumu alipomuuliza kama sisi ni watu wake, akajibu, "Siwajui."

Nilikuwa napangusa matapishi kwa mtandio wangu. Mkubwa akaninong'oneza, "Mama, na mimi nijifanye simjui Baba?"

Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi tunakuja kwako, sisi watatu. Mama usimwambie kwanza.

Mdogo wako