Mate ya Baraka Kwenye Kamera

Mama Kyalo,

Ikutha kuko aje? Hapa Tseikuru jua linakaanga mpaka kivuli.

Unajua mjukuu wetu Mwende, mke mwenzako wa utani, hasogezi mkono wala mguu. Sasa kompyuta anaiendesha kwa pua. Kamera inamtazama: pua ikienda kulia, mshale unaenda kulia, akifungua mdomo, amebonyeza. Leo alimaliza kuandika maombi ya kazi, yakabaki kutumwa kabla ya saa sita. Nikambariki vile wazee hufanya, nikamtemea mate kidogo. Yakatua kwenye kamera na mshale ukagoma.

"Babu, umeipofusha. Futa."

Nikainama kufuta na shati. Kamera ikaacha pua yake, ikashika yangu. Nikikohoa, mshale unakimbia.

"Basi tuma wewe," akasema akicheka. "Shuka kidogo. Kushoto. Tulia hapo, fungua mdomo."

Nikafungua, maombi yakaenda, na saa sita haijafika.

Kwa hivyo ile pua uliyoicheka nilipokuja kukuposa imemtafutia mtoto kazi. Salimia mbuzi. Mungu akutunzie macho mpaka niilete pua hii nyumbani uitazame vizuri.

Mzee wako