Chukudu ya Bunduki

Jeppestown, Johannesburg
Jumapili

Yaya Thérèse, dada yangu,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, ni baridi tu inatuuma. Mwanangu Mamie ameizoea shule. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu. Eish!

Mwezi huu nimetengeneza kitu cha ajabu. Mkenya mmoja wa benki, Bwana Kipkoech, alitaka kigari cha kubebea bunduki zake nne kwenye uwanja wa shabaha. Mimi nikachonga kama chukudu za kwetu Goma, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi. Akacheka sana: "Fundi, hizi ni bunduki, si magunia ya viazi!" Nikakipunguza, nikatia bawaba kikunjike kiingie kwenye buti ya gari, na zulia pale mitutu inapoegemea.

Jana akanipeleka nikione kikifanya kazi. Watu kama ishirini walikuwa wanapiga karatasi risasi. Halafu bibi mmoja mwenye mvi, msimamizi wa uwanja, akapaza sauti: "Basi!" Wote wakaweka bunduki chini. Wote, yaya! Kukawa kimya hadi nikasikia ndege. Miaka yangu yote sikujua kwamba bunduki inaweza kuambiwa basi, ikatii.

Mama usimsomee haya. Mwambie nimetengeneza chukudu, na akiuliza inabeba nini, sema viazi.

Lakini mdogo wetu Gradi akituma tena neno kutoka msituni aliko na wapiganaji, umweleze habari za yule bibi.

Mdogo wako,
Placide