Kosa la Kiwanda, Si la Zuhura

Jumanne, usiku

Wamekubali! Kiwanda kimekubali kwamba ile helikopta ndogo ya rimoti ya Zuhura wangu ilianguka kwa chuma chao kibovu, si kwa mkono wa mwanangu. Usingizi nitaupata wapi leo?

Ilipojibwaga chini kule Mikumi mbele ya ukoo mzima, shemeji Hamisi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Shemeji, mwambie binti yako arudi kwenye cherehani!" Nikaokota mabaki, nikarudi nayo nyumbani.

Tukakiandikia kiwanda, nacho kikasema hakiwezi kujibu bila kuona kipande kilichovunjika. Nikarudi Mikumi, nikachukua chekeche la unga la mke wa shemeji, nikachekecha mchanga wa ua wao wote mpaka nikakipata. Zuhura akakipiga picha, akawatumia. Leo wamejibu: kilitoka kiwandani na ufa, wanatuma kipya.

Shida ni mdomo wangu. Nimeshaita watu waje hapa Kilosa kuiona ikiruka, na kipande hakijafika. Kisipofika je...

Shemeji nimempigia mwenyewe. "Njoo, ila hiyo kofia uishike."

"Nakuja na mke wangu, anataka chekeche lake."

Basi waje wote. Jumamosi.