Vijiko Vitatu vya Mtori

Baba yangu,

Shikamoo. Mama anashuka hospitali kesho asubuhi, nimempa barua hii akufikishie kabla hawajaitoa ile stenti kifuani mwako. Ningeweza kuazima simu ya jirani nikupigie, lakini unanijua: ningenyamaza tu mpaka vocha iishe. Tangu juzi nimeshafagia uwanja mara tatu na bado situlii.

Unakumbuka siku ya nne baada ya upasuaji? Walikuwa wamekata kipande kibovu cha koo la chakula, wakalivuta tumbo juu na kuunganisha. Daktari mgeni hakujua Kiswahili, mimi ndiye niliyekutafsiria: usipitishe kitu mdomoni mpaka mshono ushike. Nilitafsiri vizuri, Baba. Mwenyewe ndiye niliyeshindwa kusikia.

Shangazi alikuja kutoka Kiboriloni na mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai, wa kwangu mimi niliyekuwa nakuuguza. Alipotoka kwenda kunifulia shuka, ukaisikia harufu. Macho umefumba, dawa za maumivu zimekulevya.

"Mama, kidogo tu, nilowanishe koo."

Hivyo ndivyo unavyoniita ukinibembeleza. Nikajiambia, mtori nao ni chakula? Wanapewa wazazi waliotoka kujifungua, wanapewa wazee wasio na meno. Nikakunywesha vijiko vitatu. Ukatabasamu.

Kesho yake ukashikwa na homa, na ile chupa ya kukinga majimaji, iliyounganishwa na mpira wa ubavuni, ikawa na kitu cha kijivu, kina chembechembe za ndizi. Sista wa wodi akaiinua akatazama.

"Nani kampa mgonjwa mtori?"

Mama hakungoja. "Wifi, umemuua mume wangu!"

"Mimi? Hata kijiko sikushika!"

"Na hiyo chupa ya chai ni ya nani?"

"Ya kwangu. Lakini nilimletea mtoto!"

Wote wakanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Daktari akasema mshono unavuja, ila hatapasua tena. Atapitisha mdomoni mpira wenye kamera, aweke stenti, yaani mrija wa waya uliofunikwa. Ukifika unajitanua, unaziba tundu kwa ndani ili mshono upone nyuma yake. Nikakutafsiria. Wewe ukauliza, "Utakaa humo mpaka lini?" Wiki kadhaa, akasema, kisha tunautoa. "Mwambie basi asije akausahau." Nikamwambia, daktari akacheka sana. Mimi sikuweza.

Siku za kwanza ulilalamika kifua kinabana. Halafu wakakunywesha ile dawa ya eksirei, wakaangalia, halikupita hata tone nje ya njia. Chupa ya ubavuni ikakauka. Mama akapiga vigelegele wodini mpaka akafukuzwa.

Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamwambia kila kitu kwa Kiingereza ili wengine wasielewe. Akasema huenda mshono ulishaanza kuvuja, mtori ukaonyesha tu. Huenda. Neno hilo nimelala nalo wiki zote hizi. Hata kama ni kweli, halimsaidii Shangazi. Hajakanyaga uwanja wetu tangu siku ile. Jumapili alinipita mlangoni mwa kanisa, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali yako, akaondoka haraka kabla Mama hajatoka. Na wewe kila mgeni anayekuja kukuona unamsimulia kwamba uliota unakunywa mtori, ukaamka na homa. Kwamba dada yako lazima alikunywesha usingizini.

Haikuwa ndoto, Baba. Wala hakuwa Shangazi.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la sale, nimelikata kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba. Ulinifundisha mwenyewe kwamba anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Nilikata mawili. La pili liko kwenye daftari langu la Form Two. Mama akikupa barua hii, mimi nitakuwa njiani nalo kwenda Kiboriloni. Nitamwomba Shangazi aje akupikie mtori wako wa kwanza, siku daktari atakaporuhusu. Mtori ukiletwa, uupokee mkononi mwake, watu wote wakiona.

Mimi nitakuwepo. Sitaangalia viatu.

Binti yako, aliyekushikia kijiko